Soksi Ndefu za Shule

Nilipokuwa darasa la nne, mama yangu alishona shati la shule lenye mkono wa ziada kifuani. Alikuwa fundi wa nguo katika soko la Jericho, na hakuwa mtu wa kukosea.

"Mama Ciku, hili ni la mtoto wa mikono mitatu?" mteja akauliza.

"Wa tatu ni wa kuinua akijua jibu."

Tulicheka. Lakini kichwa kilikuwa kimemuuma wiki nzima, na kabla ya hapo miguu yake ilikuwa imetoka madoa ya zambarau. Hayakufifia ukiyabonyeza. Najua kwa sababu niliyabonyeza.

Shosho, nyanya yangu, alikuja kutoka Murang'a, akaitazama ile miguu. "Amekanyaga kitu," akasema. Aliamini mtu mwenye wivu alikuwa ametega kitu mlangoni pa kibanda chake cha sokoni. "Na mtu wa nje asiyaone madoa haya. Akiyaona, kitapanda kichwani kabisa."

Siku ya kwenda kliniki alimvalisha Mama soksi zangu za shule, zile za kufika magotini.

"Soksi na jua hili?" daktari akauliza.

"Anasikia baridi," Shosho akasema.

Daktari akanitazama. Mkono wa Shosho ulikuwa begani mwangu. Nikanyamaza. Tulirudi na dawa za maumivu ya kichwa.

Wiki mbili baadaye Mama alianguka kwenye cherehani. Katika hospitali kubwa, muuguzi alimvua soksi.

"Haya yalianza lini?" daktari wa huko akauliza.

Shosho akaanza kuzikunja soksi. Nikasema, "Kabla ya kichwa."

Alitueleza kwamba kinga ya mwili wa Mama ilikuwa ikishambulia mishipa yake ya damu, na kwamba kwa watu wachache ugonjwa huo hufika kwenye ubongo. Mama aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, bila kusema neno, mkono wa kulia umelala.

Shosho alikufa akiamini kile kitu kilipanda kichwani kwa sababu muuguzi aliyaona madoa. Sikubishana naye. Katika kazi yangu ya habari nimewauliza madaktari kama wiki mbili zile zingebadilisha kitu. Husema ni nadra, hata anayeyaona madoa anaweza kukosea. Husema hivyo kwa upole, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema hapana.

Soksi zilirudishwa nyumbani ndani ya mfuko. Jumatatu nilizivaa kwenda shule. Sikuwa na nyingine.