Nyasi za Kaka Yangu

Kaka yangu hajawahi kupiga mpira hata wa makaratasi, lakini miguu yote mashuhuri ya nchi hii imekanyaga kazi yake. Ndiye mtunza nyasi wa uwanja wa taifa tangu ukuta ukinuka saruji mbichi.

Uwanja ulijengwa kwa ajili ya mpira, na mpira ndio uliogeuka mgeni. Tumeapisha wakubwa pale, tumeombea mvua, tumeaga maiti. Mwaka wa mafuriko watu walipikia katikati ya duara. Ugeni ukiondoka, kaka alibaki na uma wake akitoboa udongo upumue. Kila asubuhi alitembea pekupeku goli hadi goli. "Mguu ndio unaojua penye kiu," alisema. Shemeji yangu alikuwa akimwambia, "Mimi mkeo hujanipapasa hivyo."

Mwaka huu, wiki moja kabla ya mechi kubwa na wageni, meneja alikodisha uwanja kwa tamasha la siku tatu. Nyasi zikafunikwa nailoni. Kaka akamsihi ifunuliwe kila adhuhuri.

"Mzee, nyasi ni nyasi," meneja alimjibu. "Hata ng'ombe huzilalia."

"Ng'ombe hatandiki nailoni, bosi."

Haikufunuliwa. Ilipotolewa, uwanja ulikuwa wa njano kama godoro la kikojozi. Meneja akaleta mapipa manne ya rangi ya kijani, akaamuru zipakwe Jumamosi.

"Hii haikauki chini ya siku mbili," kaka alisema.

"Kwani wachezaji wataila?"

Akapaka. Jumapili kipa wa wageni, aliyevaa nyeupe, aliruka mara moja akainuka kijani ubavu mzima. Kufika mapumziko timu yao yote ilikuwa kama mafungu ya mchicha. Uwanja mzima ukacheka, na kamera zikaona. Jumatatu kaka alipewa barua: amefukuzwa kwa kupaka rangi bila idhini. Amri ilitoka mdomoni, na mdomo hauna mhuri.

Nilimfokea. "Si ungekataa, kaka?"

"Ningekataa wangempa mtu asiyejua, aimwage nzito, iue mizizi. Mimi niliizimua kwa maji. Wiki tatu tu, utaona zinachipua."

Wiki ya tatu akanituma nikachukue buti zake, yeye wamemkataza geti. Nikaingia. Wallahi zilikuwa zimechipua, laini, kijani chake chenyewe, robo tatu ya uwanja. Robo iliyobaki katapila lilikuwa limeshaikwangua. Wanaleta zulia la plastiki, halihitaji maji wala mzee.

Nilimkuta mlangoni kwake akinisubiri, hakuziangalia hata buti.

"Zimechipua?"

Ningemwambiaje? "Zimekufa zote, kaka."

Akakaa chini kwenye ngazi. "Basi ni mimi," akasema. "Nilikosea kipimo cha maji."