Sahani ya Bati na Wiki ya Mamzeli

Juzi asubuhi nilijikuta nimesimama nyuma ya mlango wangu hapa Spånga, koti nimevaa, funguo mkononi, sikio nimelibandika kwenye ubao. Nilikuwa nasubiri jirani ashuke kwanza. Sina ugomvi naye hata kidogo. Hata jina lake silijui. Ila Stockholm ndivyo tunavyoishi: unasikiliza kama ngazini kuna mtu, kukiwa kimya ndipo unatoka. Nikacheka peke yangu, maana bibi yangu angenikuta pale angenitandika kwa kandambili. Na kila nikimkumbuka bibi mwezi wa Desemba, lazima nimkumbuke na Mamzeli.

Ngoja nikupeleke Hagsätra, rafiki yangu, mwisho kabisa wa reli ya kijani, miaka ile kabla watu hawajaanza kutembea macho kwenye simu. Tulikaa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Desemba ilikuwa ikifika saa tisa alasiri giza limeshaingia, na kila dirisha lina nyota ya karatasi yenye balbu ndani, na theluji chini imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu na kuteleza. Ngazini kulinukia kahawa ya Wasweden na sabuni ya kufulia, isipokuwa ghorofa yetu, ambako kulinukia dagaa wa kukaanga. Mimi nilikuwa darasa la pili. Nilisikia Kiswahili chote nilichoambiwa, lakini nilijibu kwa Kisweden, kama watoto wote wa rika langu.

Bibi yangu, mama yake baba, tulimwita Koko, kama watu wa kwetu Kongo wanavyofanya. Alitoka Uvira, akapitia kambi ya wakimbizi huko Kigoma, na katika vitu vichache alivyofika navyo Sweden kulikuwa na sahani ya bati yenye maua mekundu katikati. Alifika na furaha ambayo wengine hawakuwa nayo, kwa sababu yeye alidhani anakwenda kwa watu anaowafahamu. Utotoni alifundishwa kusoma na mmisionari wa Kisweden, binti asiyeolewa, na kwa hiyo kijiji kizima kilimwita Mamzeli. Alikuwa anaingia nyumba za watu bila hodi ndefu, anakaa mkekani, anakula sombe, yale majani ya muhogo, kwa mkono. Koko akajiambia, kama mmoja yuko hivi, nchi nzima itakuwaje!

Noeli yetu ya kwanza pale Hagsätra, Koko aliijaza ile sahani wali, kuku wa mchuzi, ndizi za kukaanga na sombe, akamtuma baba aipeleke kwa mama mzee wa Kisweden aliyekaa chini kabisa, mlango wa kwanza ukiingia. Kwetu sikukuu bila kupelekeana sahani si sikukuu. Na sahani ya mwenzio huirudishi tupu: unaweka hata chumvi, hata limau moja, ili ijulikane kwamba mko pamoja. Kesho yake Koko alifungua mlango akakuta mfuko wa plastiki umening'inia kwenye kitasa. Ndani yake sahani ilikuwa imeoshwa, inang'aa, na haina kitu.

Koko aliiweka sahani juu ya kabati, na haikushuka kwa muda mrefu. Aliumia, ndugu yangu, aliumia vibaya. "Ule mama alitupa chakula yangu," alikuwa akisema, "kisha akanirudishia aibu mu sashe." Baba alijaribu kumweleza, mama akajaribu, hakutaka kusikia. Miaka miwili alipita mbele ya mlango wa yule mama akiwa ameinua kidevu.

Halafu mwaka ule ninaokusimulia, Adventi ilipoanza, alitangaza mezani kwamba amechoka. "Noeli ikipita, ninaenda Bujumbura kwa mutoto wangu mukubwa. Kule batu banagongaka mulango. Hapa nitakufa, na hata jirani hatajua." Baba aliinamisha kichwa tu. Mimi nililala chumba kimoja na Koko, na usiku wa baridi alikuwa anachukua miguu yangu na kuibana katikati ya miguu yake mpaka ipate moto. Niliwaza ni nani atanipasha miguu, nikalia ndani ya mto ili asinisikie.

Sasa aja mmisionari mwingine, si yule wa utotoni mwa Koko. Alikuwa binti wa Iringa, mwembamba, sauti ya upole, ametumwa na kanisa lake kuja kuhudumu Sweden mwaka mmoja. Watu wetu waliona jambo hili kuwa la kuchekesha, kwamba sasa wamisionari wanatoka kule kuja huku. Miezi yake ya kwanza alizunguka kugonga milango ya watu na kuwakaribisha ibadani, na milango ilifungwa mbele ya uso wake kwa adabu kubwa. Mkono wake ulikuwa umeanza kuogopa milango, alikuja kutuambia baadaye. Juma la Noeli mchungaji aligawa vijana waende kusaidia wazee majumbani, na huyu akapangiwa kwetu. Mama alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, baba anaendesha basi, na Noeli ndipo Wasweden wanapotaka kupumzika na sisi tufanye kazi. Kwa hiyo tulibaki watatu: Koko, mimi, na yeye.

Aliingia, akavua viatu, akapiga goti: "Shikamoo bibi." Koko hakuwa na jibu la shikamoo, kwetu haipo, na isitoshe kwetu bibi ni mke wa mtu. Alimtazama juu mpaka chini, akacheka, akasema, "Jambo, Mamzeli." Jina likamganda.

Mamzeli alitafuta ufagio. Koko akaushika upande wa pili. "Wacha, Mamzeli. Mugeni hafagie mu nyumba yangu. Ikala, kula." Akakalishwa, akawekewa ugali na dagaa. Alipomaliza akabeba sahani kwenda kuosha, akanyang'anywa. Kesho yake alikuja mapema makusudi, akamkuta Koko ameshapiga deki na ugali uko mezani. Siku iliyofuata alijaribu kuniosha mimi nywele, Koko akanivuta mkono. Tumbo la Mamzeli lilijaa na uso ukazidi kunyong'onyea, hadi siku moja akaweka kijiko chini na machozi yakaanza kumtoka.

"Bibi, nimetumwa kuhudumu. Hata vyombo nisioshe jamani? Nitarudi kanisani niseme nini, kwamba nimekula?"

Koko akafadhaika kweli, maana kumliza mgeni ni jambo baya. Alikaa karibu naye, akampangusa uso kwa ncha ya kitenge. Wakaanza kuongea. Mamzeli akaeleza habari za kwao, na kwamba hiyo ilikuwa Krismasi yake ya kwanza bila mama yake. Koko naye akaeleza habari ya sahani. Mimi nilikuwa chini ya meza nikichora, nikisikia kila kitu.

"Bibi," Mamzeli akasema, "mimi naishi na mama mjane wa Kisweden. Kwao kukurudishia chombo safi ndiyo asante yenyewe. Hakukutukana. Tujaribu tena."

"Nijaribu mara ngapi?"

"Mara moja tu. Nitapeleka mimi."

Koko alifikiri sana. Kubeba sahani kwa jirani ni kazi ya mtu wa nyumba, mgeni hatumwi. Mwishowe alipanda juu ya stuli, akaishusha sahani ya bati, akaipangusa vumbi. "Sawa. Ikirudia tupu, musinisemeshe tena juu ya Bujumbura."

Kwa hiyo tarehe ishirini na nne, Wasweden wote wakiwa mbele ya televisheni wanatazama katuni zao za kila mwaka, mimi na Mamzeli tulishuka ngazi na sahani imefunikwa kitambaa. Mbele ya mlango nilimwona anavuta pumzi kama mtu anayeingia majini. Akagonga. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo ukiwa umefungwa, tukaona jicho moja na nywele nyeupe.

"Nej tack," jicho likasema. Hapana, asante. Mlango ukaanza kurudi.

Nikapaza sauti kwa Kisweden kwamba hatuhubiri, ni chakula, kimetoka kwa bibi yangu ghorofa ya tatu. Mnyororo ukafunguliwa taratibu. Alikuwa amejifunika shali, amevaa soksi nene, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akainusa, akashukuru mara nyingi, akafunga mlango. Tulipanda ngazi tukikimbia.

Kesho yake, Noeli yenyewe, tulirudi kutoka ibadani tukakuta mfuko wa plastiki kwenye kitasa.

Koko aliufungua mwenyewe. Safi, inang'aa, tupu. Aliingia chumbani kwetu, akavuta sanduku chini ya kitanda, akaanza kukunja vitenge vyake kimoja kimoja. Nilitaka kumshika nguo nikashindwa. Mamzeli alisimama mlangoni na ile sahani, na nikaona sura yake imebadilika. Aliyekuwa mpole siku zote alikuwa amekasirika. Akanishika mkono tukashuka.

Safari hii aligonga kama mtu wa kwao anavyogonga. Yule mama alipofungua, Mamzeli akaniambia, "Mweleze kwamba kwetu sahani hairudi tupu. Mweleze bibi yako anafungasha." Nikaeleza nilivyoweza, huku kamasi zinanitoka.

Mama yule aliweka mkono kifuani. "Tupu?" akasema. "Lakini niliiosha! Niliiosha mara mbili!" Akatuambia alikula chakula chote, hata yale majani, na ile mara ya kwanza pia alikula chote. Alitaka kupanda kuja kushukuru, ila aliogopa kutusumbua. Akageuka kutazama jikoni kwake, akaturudishia macho, akasema kwa aibu kwamba hajaoka chochote. Hakuwa na wa kumwokea. Mamzeli hakungoja tafsiri. Aliiweka sahani mikononi mwake tu, tukaondoka.

Tulipofika juu tulisikia zipu ya sanduku kutoka chumbani. Kisha ngazini kukaanza kusikika hatua nzito, mkono unakwaruza ukuta, hatua, kimya, hatua tena. Mtu alikuwa anapumzika kila baada ya ngazi chache. Koko alitokea chumbani na kitenge mkononi, akasikiliza.

Mlango ukagongwa.

Kwa miaka yote tuliyokaa pale, hakuna jirani aliyewahi kuugonga. Koko alifungua mwenyewe. Yule mama alikuwa anahema, mashavu mekundu, na kwenye sahani ya maua kulikuwa na viazi vinne vya kuchemsha, vinatoa mvuke, na kipande cha siagi kinachoyeyuka. Koko viazi alivisema siku zote kuwa chakula cha wagonjwa. Alivitazama. Akamtazama mama yule. Akacheka mpaka akashika ukingo wa mlango, na machozi yanamshuka.

"Ingia, mama," akasema, "ingia, ikala." Mimi nilisahau kutafsiri, na wala haikuhitajika.

Walivila vile viazi vyote wawili, kwa mkono. Mgeni alipokwisha kushuka, Koko alikwenda nyuma ya mlango, akachukua ufagio, akauweka mkononi mwa Mamzeli. "Fagia," akamwambia. Mamzeli alifagia nyumba nzima, chini ya vitanda, nyuma ya jokofu, analia na kuimba, na Koko amekaa kitini kama malkia anamwonyesha alipoacha uchafu. Sanduku lilirudi chini ya kitanda. Bujumbura haikutajwa tena.

Mamzeli alirudi Iringa mwaka wake ulipokwisha. Sahani iliendelea kupanda na kushuka zile ngazi, sombe ikienda, viazi vikija, mara jemu, mara mkate wa zafarani, mpaka nikawa msichana mkubwa. Kisha yule mama akafariki ghafla, nyumba yake ikasafishwa na watu tusiowajua, na sahani ilikuwa kwake wakati huo. Baba alitaka kwenda kuiulizia. Koko akamkataza. "Wacha ikae kule," akasema. "Bora ibakie kwake kuliko irudie tupu."

Koko naye ametutoka. Jengo limepakwa rangi mpya, lango la chini linafunguliwa kwa namba, na watoto wa kwetu siku hizi wanatumiana picha za chakula. Mimi nina sahani nyingi nzuri kabatini, na miaka yote hii hapa Spånga hakuna hata moja iliyotoka nje ya mlango wangu.

Juzi pale, sikio bado liko kwenye ubao, nilisikia jirani anakaribia, anahema na mizigo. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa, na nilitambua ulikuwa unaogopa kama ule wa Mamzeli. Nikafungua.