Miaka Yangu na Dawa ya Njozi

Siku yangu ya kwanza kazini, Metroni, mkuu wa wauguzi, hakunipeleka wodini. Alinipeleka chumba cha mwisho cha korido, chenye godoro sakafuni, mapazia mazito na ndoo ya kutapikia. Nilikuwa nimetoka Unguja mwaka uliofuata Mapinduzi, nikapanga chumba Kilburn, nikidhani nimekuja London kujifunza kuuguza wagonjwa wa akili. Kumbe kazi yangu ilikuwa kukaa na mgonjwa aliyepewa LSD, dawa ya njozi.

Nyinyi mnaosomea uuguzi leo hamkuiona. Ilitiwa kwenye glasi ya maji, haina rangi wala ladha. Kwa saa nane hivi mgonjwa huona na kusikia yasiyokuwapo, na aliyoyaficha moyoni humtoka. Daktari Mkuu aliamini hapo ndipo uponyaji unapoanza. Muuguzi hupima mapigo ya moyo na kuandika kila neno. Niliandika, lakini roho haikutulia. Mbona daktari mwenyewe hukaa nusu saa tu, kisha huenda zake?

Mgonjwa wangu, Bibi Edith, alikuwa mshonaji nguo. Alifiwa na mwanawe, akaacha kusema na watu. Mara ya kwanza alilia mchana kutwa, na kesho yake akaomba chai, akanisimulia habari za mtoto. Sitaficha, nilifurahi. Mara ya pili alipiga mayowe kwamba kuta zinamsogelea. Mara ya tatu aliishika glasi, akanirudishia.

"Leo sitaki," akasema.

Nikaenda nayo ofisini kwa Daktari Mkuu. Hakuinua macho kwenye faili.

"Ametia saini kukubali tiba, Nesi. Hofu ni sehemu ya tiba. Mpe."

Nilimwambia sitampa, nikaimwaga kwenye sinki mbele yake. Kisha nikaandika kwenye faili maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema. Metroni alinitaka niyafute, niandike kwamba Edith hakupewa dawa kwa sababu alikuwa na mafua. Nilikataa. Wiki hiyohiyo nikahamishiwa wodi ya wazee katika hospitali nyingine, Lewisham, nikabaki huko hadi kustaafu. Edith aliruhusiwa kurudi nyumbani. Kama alisaidiwa na dawa ile ya kwanza au na yale mazungumzo ya chai, mpaka leo sijui.

Baadaye dawa ilipigwa marufuku. Sasa tiba imerudi kwa majaribio, safari hii kwa dawa itokanayo na uyoga, kwa wenye huzuni sugu. Mjukuu wangu Rahma, naye muuguzi, alipopata kazi kwenye kliniki ya majaribio hayo alinipeleka nikaone. Kitanda kizuri, muziki laini, watu wawili wa kukaa na mgonjwa. Uzuri wote ule ulinizidishia shaka. Nikamuuliza daktari kijana nani anaweza kuisimamisha tiba.

"Mgonjwa mwenyewe, bibi, kabla hajameza."

"Na akishameza?"

"Akishameza, tunakaa naye mpaka iishe."

Angalau hakunidanganya. Rahma alianza kazi Jumatatu. Kila akirudi, kabla sijampakulia chakula, namuuliza nani leo aliogopa, na nani alibaki naye.