Mguu wa Fundi wa Milango

Nilikuwa kwenye benchi la zahanati nikisubiri zamu yangu, mlango wa daktari uko wazi kama kawaida yetu, na sisi sote tukisikiliza. Aliingia fundi wa kuchonga milango kutoka mtaa wa Mkomani, akiburuta kandambili. Daktari, binti mdogo, akamwambia anyanyue vidole vya mguu. Vikabaki vimeinama.

"Nausinga mafuta ya uto kila siku," fundi akasema.

Daktari akapapasa juu ya mguu mpaka akauhisi mshipa wa damu ukipiga. "Damu yafika. Shavu la mguu nalo lina nguvu." Kisha akabonyeza upande wa nje, chini kidogo ya goti. "Ugonjwa uko hapa, Bwana. Mshipa wa fahamu wapita juu ya mfupa huu, na ndio unaoamrisha misuli ya muundi, hapa mbele, inyanyue mguu. Wewe waukalia kutwa."

"Fundi huchonga amekaa chini, amekunja goti. Ndivyo alivyokaa babu."

"Na babu alitembeaje?"

"Akiburuta mguu. Sisi tukisema ni uzee."

Sisi Waamu simu tunabadilisha, lakini namna ya kukaa tunaishika kama wasia.

Juzi nilipita karakana yake. Mlango wa nyumba ya bintiye anayeolewa umelazwa juu ya meza ndefu, naye anachonga amesimama, jasho linamtoka. Wapita ndia wanamcheka, eti kama mpishi anayekata mboga.

"Nakshi ni ya babu," anawajibu bila kuinua uso. "Mguu ni wangu."