Maji ya Moto Juu ya Theluji

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa mwaka 2007, mimi mke mpya, nikafungua mlango wa nyumba yetu ya Bertrams asubuhi nikakuta mtaa mzima mweupe pe. Theluji! Baridi ya Johannesburg tunaijua, lakini theluji hata wenyeji walitoka nje kuishangaa.

Mimi nimezaliwa Morogoro. Mume wangu naye alizaliwa huko huko, baba yake akiwa uhamishoni, na nchi yao ilipokombolewa wakarudi. Nilipoolewa nikaambiwa desturi ya huku: mke mpya anaamka kabla ya wote, anafagia uwanja. Nikasema moyoni, kufagia? Watanifundisha mimi kufagia? Nilitaka mtaa wote useme baba mkwe wangu kapata mkwe. Basi nikaipiga fagio ile theluji kutoka mlangoni hadi getini, nikaisukuma yote nje, kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Baba mkwe akatoka na kikombe chake cha chai. "Na pale nje je?"

"Pale pa serikali, baba."

Aliitazama ile njia, kisha akanitazama mimi. Akarudi ndani na chai yake, na mtazamo ule ukaniuma kuliko tusi. Jioni, mimi na ujuaji wangu, nikachemsha maji, nikamwaga ndoo mbili kuyeyusha ile theluji ya nje, nikaipiga deki ile njia kama sakafu ya mama yangu. Ikang'aa! Nikalala na kichwa kikubwa.

Asubuhi yake nikasikia kishindo. Gogo Nomsa, yaani Bibi Nomsa kwa Kizulu, jirani yetu aliyewauzia watoto wa shule magwinya, maandazi ya huku, alikuwa ameanguka mbele ya geti letu. Maji yangu yaliganda usiku, yakawa barafu tupu. Magwinya yametapakaa, mkono umeteguka.

"Eish, mntanami," alisema, yaani mwanangu, wala hakunitukana. Nililia kwa aibu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mgeni nimekuja, mwenyeji kaumia!

Tulimwingiza ndani, tukamfunga mkono. Kisha baba mkwe akaniita, kwa Kiswahili chake cha Morogoro ambacho hakukisahau.

"Binti, kwenu nilifika sina hata sahani. Majirani walifagia mpaka mlangoni kwangu, hawakuuliza pale ni pa nani. Leo wewe unaishia getini?"

Nilitoka nje. Nikachukua jembe, nikaivunja barafu kipande kwa kipande mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikamwaga majivu ya jiko la makaa ili mtu asiteleze. Sikuishia kwetu, mwanangu. Nilisafisha mbele ya nyumba ya Gogo, nikaendelea hadi kona. Na mpaka mkono wake ulipopona, beseni la magwinya nililibeba mimi kichwani, Gogo katangulia, mimi nyuma naita wateja kwa Kizulu changu kibovu. Watoto walinicheka hadi wakashika mbavu. Wacheke tu!

Siku aliyofungua bendeji, Gogo alinishika mkono mbele ya wanawake wa mtaa akasema, "Huyu si mkwe wa nyumba ile peke yake. Ni mkwe wetu sote." Nilivimba, wee! Hata leo nikikumbuka navimba, na sioni haya kukuambia.

Ndiyo maana nikikuona unasukuma uchafu nje ya geti kisha unafunga, nakuita urudi. Pale watu wanapokanyaga mbele ya nyumba yako ni pako, uwe umezaliwa hapa au umekuja na sanduku. Na usilolijua, uliza. Ningemuuliza mzee jioni ile, Gogo asingeanguka.

Mungu akupe mikono isiyochoka, mwanangu, na kila apitaye mlangoni kwako afike salama aendako.