Supu Iliyokorogwa Unga

Hata leo, nikisikia harufu ya supu ya mifupa, huinamisha kidevu bila kujua.

Mama alikuwa ametoka hospitali. Virusi vilimwacha hai, lakini koo lake lilikuwa limesahau kumeza. Majirani wakamletea supu ya mifupa kutoka soko la nyama la Burma, maana mgonjwa hupelekewa supu. Alipaliwa hadi macho yakamtoka. Muuguzi alikuwa ametuonya: chochote chepesi kitampalia, mpeni kizito, na ainamishe kidevu akimeza. Lakini nyanya yangu, mama yake mama, hangemrudisha mtu na supu yake. Aliipokea, akashukuru, kisha akaikoroga jikoni na unga wa wimbi mpaka ikawa uji wa rangi ya matope.

"Inamisha kidevu, mwanangu," alimwambia mama. "Meza. Meza tena."

Bakuli moja lilimaliza asubuhi nzima. Jasho lilimtiririka mama kama mtu anayepasua kuni, na hakuacha hata kijiko kimoja.

Siku moja akanitazama. "Nipe maji."

Nyanya alishika kifua. Mama akainamisha kidevu, akanywa funda baada ya funda. Hakukohoa. Akanirudishia kikombe.

"Jaza," akasema.