Jiko Chumbani kwa Mzazi

Mimi shule niliishia darasa la saba, ila ukifungua gazeti letu ukurasa wa malezi, makala nyingi za uji, za chanjo na za watoto wanaokataa kula ni zangu. Si mwajiriwa. Naandika hapa nyumbani Mbeya, natuma kwa simu, wakitoa wanatoa. Makala moja tu niliiandika kutoka moyoni, na hiyo ndiyo waliyoniharibia.

Wa kwanza kulaumiwa ni mama mkwe wangu wa Kilolo. Jina siweki, anajijua. Nilijifungulia kwake zaidi ya miaka ishirini iliyopita, mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Akaingiza jiko la mkaa chumbani, akaziba dirisha kwa blanketi, akasema mzazi akipigwa baridi ya mgongo hatapona. Siku zile alinipenda, hilo sikatai. Mchana kichwa kikaanza kuniuma, nikataka kuinuka, miguu ikakataa. Nilizinduka nimelazwa nje kwenye majani, watu wananipepea. Binti yangu alikuwa ameshafunikwa khanga.

Nesi wa zahanati aliniambia wazi: mkaa ukiwaka ndani pamefungwa unatoa hewa ya sumu, huioni wala huinusi. Nikamweleza mume wangu. Wa pili ndiye huyo. Akasema, "Mama ni mtu mzima. Ukilisema hilo utamuua." Basi ikawa mtoto alizaliwa dhaifu. Ndoa haikudumu, uongo wao ulidumu.

Mwaka huu nikasikia mke wa shemeji yangu, binti mdogo, amejifungua, anauguzwa uzazi na mama yuleyule, na baridi imeanza. Mama simu zangu hapokei, na namba za wengine pale sina, lakini ukurasa wangu wajukuu humsomea. Nikaona nimfikie kwa huko. Nikaandika soksi, blanketi, uji wa moto. Halafu nikaandika: "Wengi huingiza jiko la mkaa chumbani ili mzazi apate joto." Chini yake nikaeleza kwa nini wasithubutu, na yaliyonikuta mimi.

Gazeti likatoka limeishia hapo kwenye joto. Chini yake picha ya kitoto kimevaa kofia.

Wa tatu ni mhariri. Nikampigia.

"Mama lishe wetu," akacheka, "msiba unamchefua mtu akiwa na chai yake. Na nafasi ilikuwa ndogo."

"Sasa mbona jiko umelibakiza?"

"Si ndilo joto lenyewe? Wiki ijayo niandikie ya parachichi."

Kesho yake asubuhi nikapanda basi. Nikashuka Ipogolo, nikatafuta gari la Kilolo, nikafika saa tisa mchana. Nikaitikiwa salamu ya kwao, "kamwene", na jirani tu, mama mkwe aliniangalia kama mtu aliyekuja kudai. Sikungoja kukaribishwa. Chumbani dirisha limezibwa, jiko jekundu miguuni pa kitanda. Binti kalegea, kichanga kimelala kwapani kwake.

"Unajisikiaje, mdogo wangu?"

"Kichwa tu, dada. Na kichefuchefu."

Nikalibeba jiko kwa khanga mpaka uani, nikarudi nikalivuta lile blanketi, nikafungua dirisha.

"Umekuja kumfanya nini mzazi wa watu?" mama mkwe akasema.

"Mama, hili ndilo lililoniulia mwanangu."

"Si wewe uliyeandika? Tumesomewa hapa hapa. Yule wa gazetini anasema liingie, huyu wa mlangoni anasema litoke. Mimi nimsikie yupi?"

Nikamwambia wamenikatia maneno. Akaguna. Niliona amefurahi, maana kwa mara ya kwanza kosa lilikuwa na jina langu juu yake.

Tukamtoa binti barazani na mwanawe, nikamvisha sweta langu. Akatapika, akatulia. Baada ya muda akasema kichwa kinapungua. Kichanga kikaanza kulia kwa nguvu. Shemeji yangu alipotoka shamba akasikiliza yote, akamtazama mkewe, akasema, "Jiko litakaa jikoni, mama."

Nikaomba nimpakate mtoto kabla sijaondoka. Mama mkwe akawahi kumchukua. Akasema mbele ya majirani kuwa mimi ni mwanamke niliyefiwa nikakosa mwingine, nimekuja na kijicho changu kuharibu uzazi wa wenzangu. Shemeji akainama kuokota jembe lake. Na mimi, niliyeandika makala zote hizo, nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Laiti ningelisema lile jambo tangu nikiwa kwenye yale majani, wakati watu wote bado wamesimama.

Sasa mtoto ameanza kukaa. Mama yake kanitumia picha kwenye simu, kashikiliwa kwa mto, na ujumbe chini yake: "Dada usijibu, simu huwa anaishika mama."

Sijajibu.